Sifuri ya Jikoni

Jumatatu, saa tatu kasoro robo asubuhi, Bwana Sifuri alivaa hedifoni zake nyeusi, akawasha amplifaya aliyoihangaikia miezi kumi na minne, akazungusha kinobu cha sauti mpaka mwisho, na hakusikia kitu. Hakuwa amechomeka redio wala chombo chochote cha muziki. Ndivyo alivyopima kazi zake: anawasha, anafungulia sauti yote, halafu anasikiliza kama kuna kinachovuma, kukwaruza au kupumua humo ndani. Alikaa dakika arobaini, macho ameyafumba, kisha akaandika kwenye daftari: "Namba Saba. Hakuna kitu. Safi."

Katika dakika hizo arobaini mkewe, Mama Pacha, alisimama kwenye sinki la jikoni, upande wa pili wa ukuta, akamwambia kupitia mlango uliokuwa wazi kwamba sinki limeziba tena, kwamba goti lake la kulia linamsumbua akipanda ngazi, kwamba pacha wote wawili wamepiga simu huko waliko na wanamsalimu, na kwamba dada yake mkubwa amemwandikia barua. Dada huyo alikuwa mjane na fundi cherehani, mwenye chumba kimoja kilichobaki kitupu na sare za shule zisizokwisha kushonwa.

"Ananiita nikakae naye tushone pamoja," alisema Mama Pacha. "Niende au nisiende? Sema neno moja tu, Baba Pacha. Ukisema baki, nabaki."

Bwana Sifuri aliinua kidole kimoja bila kufumbua macho. Katika nyumba ile kidole hicho kilikuwa na maana moja: subiri, napima. Alikuwa akikiinua kwa miaka ishirini na miwili, na Mama Pacha alikijua kuliko alivyoijua pete yake ya ndoa.

Haki ya mtu apewe: alikuwa mtu wa kuheshimiwa, na heshima hiyo hakuiokota njiani. Alibuni amplifaya za hedifoni ambazo mtu yeyote mwenye subira na chuma cha kulehemu angeweza kujiundia mwenyewe nyumbani. Michoro aliitoa bure kwenye jukwaa la mtandaoni la wapenda amplifaya, na mamia ya watu waliijenga juu ya meza za kulia chakula, wakiunguza vidole na vitambaa vya wake zao. Walimwita Bwana Sifuri kwa sababu kelele katika kazi zake ilikuwa sifuri. Chini ya kila mchoro aliandika mstari mmoja kwa mkono wake: "Ukisikia kitu, kosa ni lako." Wafuasi wake waliupenda sana mstari huo. Mmoja aliuchapisha kwenye aproni.

Sasa, kila mchoro wa umeme una pahali panapoitwa sifuri, panapochorwa kama pembetatu ndogo iliyogeuzwa kichwa chini. Vipimo vyote huanza kuhesabiwa hapo. Kwa Bwana Sifuri, pahali hapo palikuwa waya wa ethi, yaani wa kwenda ardhini, waya wa shaba uliotoka mezani kwake, ukapita kwenye tundu la ukutani, ukaenda kufungwa kwenye bomba la maji chini ya sinki la jikoni. Mama Pacha ndiye aliyeufunga, kwa kuwa mumewe alikuwa na mgongo usiopenda kuinama. Katika michoro sita ya kwanza, kando ya pembetatu, Bwana Sifuri aliandika: "Tumia sifuri yako." Lakini katika Namba Saba hakutaka mchezo. Watu wana sifuri za ovyo, alisema, wanafunga waya kwenye misumari na miguu ya vitanda. Kwa hiyo kando ya pembetatu aliandika: "Tumia sifuri yangu."

Mtu mwingine angeuliza inawezekanaje kutumia sifuri iliyo jikoni kwa mwenzako, tena safari ya siku mbili kutoka kwako. Hawa hawakuuliza. Mchoro ni mchoro. Walilehemu waya kwenye pembetatu kama walivyoelekezwa, wakaamini kwamba imekuwa, na ikawa.

Taarifa ya kwanza ilitoka kwa Mwalimu wa Hesabu, mtu makini aliyepanga rizista zake kwa rangi kwenye viboksi vya njiti.

"Heshima kwako, Bwana Sifuri," aliandika. "Nimemaliza Namba Saba. Kuna mwanamke upande wa kushoto. Anasema sinki limeziba. Nimebadilisha transfoma, bado limeziba."

Bwana Sifuri alijibu: "Kagua waya wa ethi."

Muuguzi, aliyejenga amplifaya zake siku za mapumziko na kusifika kwa mkono usiotetemeka, aliandika kwamba yeye anamsikia mwanamke huyo katikati, wala si kushoto. Huenda Mwalimu amelegeza upande mmoja wa hedifoni. Mwalimu akakagua, akakuta ni kweli, akashukuru. Mwanajukwaa mwingine alisema ameongeza kapasita mbili kubwa za kuchuja umeme ili kumwondoa. Hakuondoka, ila sasa alisikika mpaka anavyovuta pumzi kabla ya kusema "Baba Pacha." Kabla wiki haijaisha watu arobaini walikuwa wameongeza kapasita hizo hizo, na hakuna aliyesema ni kwa sababu gani.

Fundi Bomba, ambaye riziki yake ilikuwa mabomba na amplifaya zilikuwa ugonjwa wake, hakuandika mengi. Alisikiliza siku mbili, akasema kwamba sinki hilo halizibuliwi kwa kijiti, kwamba shemeji anausukuma uchafu mbele badala ya kuutoa, na siku ya Alhamisi akabisha hodi mlangoni kwa Bwana Sifuri akiwa na spana na ndoo. Mama Pacha alimkaribisha. Bwana Sifuri alikuwa anapima.

Fundi Bomba alilala chali chini ya sinki, akafungua, akatoa vijiko viwili na kifuniko cha chupa.

"Shemeji," alisema akiwa huko huko chini, "tunakusikia."

"Nyinyi nani?"

"Sisi wa Namba Saba. Kila ukisimama hapa ukasema, tunakupata. Ni huu waya."

Mama Pacha alifuta sahani iliyokuwa mkononi. "Mko wangapi?"

"Tumepita mia tatu sasa."

"Na yeye?"

Fundi Bomba alikaza nati kwanza. "Yeye anasema tukague waya wa ethi."

Mama Pacha aliutazama waya ule. Angeweza kuufungua kwa vidole viwili, alikuwa ameufunga mwenyewe. Aliuacha. Kwa muda mrefu alikuwa mtu wa kumpigia mbuzi gitaa, na leo anaambiwa kwamba nyuma ya mbuzi kuna ukumbi umejaa. Alifurahi, na hakuona sababu ya kuficha.

Tangu siku hiyo alianza kuosha vyombo polepole. Aliwaeleza habari za goti lake, na Muuguzi akamtumia dawa ya kuchua pamoja na karatasi ya maelekezo. Alimshukuru palepale kwenye sinki: "Muuguzi, ahsante, uvimbe umepungua." Mwalimu wa Hesabu alipopata mafua akawa kimya jukwaani siku tatu, Mama Pacha aliambiwa na Fundi Bomba kwa simu, naye akampa pole mbele ya watu mia tatu na arobaini. Walijua pacha gani ni mkorofi na yupi anajifanya mpole. Walijua kwamba aliwahi kuimba kwaya, sauti ya pili, akaacha kwa sababu mazoezi yaligongana na saa za kupima. Wengine walikuwa hawachomeki tena muziki. Waliwasha Namba Saba saa mbili na nusu asubuhi, wakavaa hedifoni, wakasubiri vyombo.

Bwana Sifuri kwa upande wake alikuwa na hali mbaya. Taarifa za kelele zilimjia kila siku na zilikuwa zinampaka matope. Alipima Namba Saba mara thelathini. Mita ilisoma sifuri, na isingeweza kusoma vingine: sauti ya mkewe ilikuwa ndani ya sifuri yenyewe, na mita huanza kuhesabu hapo. Masikio yake nayo yalifanya kama mita. Akarudi jukwaani kuandika kwamba kwake hakuna kitu, na kwamba wenye kusikia kitu wasome mstari wa mwisho wa mchoro.

Siku ya Jumanne Mama Pacha alifunga bomba la maji, akajikausha mikono na kuzungumza taratibu ili asikike vizuri.

"Jamani, naondoka Jumamosi saa nne. Dada amepata mtu wa gari. Baba Pacha nimemuuliza mara tatu, kila mara kidole. Mimi sina ugomvi naye. Sijapigwa, sijatukanwa, sijalala njaa. Ila nataka kabla sijafa mtu anijibu. Akisema baki, natua mabegi hapo hapo. Asiposema, basi."

Kisha akafungulia maji tena.

Jukwaa zima lilikosa raha. Kwa siku nzima hakuna aliyeandika habari za kapasita. Hatimaye Mwalimu wa Hesabu aliandika, kwa herufi kubwa ambazo hakuwahi kuzitumia: "BWANA SIFURI, MKEO ANAONDOKA JUMAMOSI SAA NNE. MWAMBIE ABAKI."

Bwana Sifuri alijibu baada ya saa moja: "Je, umekaza skrubu ya ethi kwenye kasha?"

"Nimekaza. Anaondoka."

"Kwenye kasha la bati au la mbao?"

Muuguzi alimwandikia peke yake, barua ndefu, ya heshima. Alijibiwa kwamba barua imefika na kwamba mwandishi angefanya vyema kupima waya wake kwa mita kabla ya kulalamika. Fundi Bomba alipiga simu. Simu ilipokelewa na Mama Pacha, maana Bwana Sifuri hapokei simu akiwa anapima.

"Usijisumbue, shemeji," alimwambia. "Sikio la kufa halisikii dawa."

"Tutakuja," alisema Fundi Bomba.

Walikuja Jumamosi saa tatu na nusu, watatu, kila mmoja amekumbatia kasha lake: la Mwalimu la mbao iliyopigwa msasa mpaka inang'aa, la Muuguzi la bati lililokuwa la bandeji, la Fundi Bomba kipande cha bomba la plastiki kilichozibwa pande zote mbili. Bwana Sifuri alifurahi kuwaona. Hakuwahi kutembelewa na wanajukwaa. Aliwasifia viungo vyao vya kulehemu kimoja kimoja, akamwambia Muuguzi kwamba mkono wake ungefaa kwenye viwanda vya saa. Sebuleni palikuwa na mabegi mawili na cherehani ndogo iliyofungwa kwa shuka. Aliyazunguka mabegi hayo kwenda kuleta viti.

"Mzee, hatukuja kukaa," alisema Mwalimu. "Tumekuja usikilize kosa."

Neno hilo lilimwingia. Alikaa, akavaa hedifoni za Mwalimu na kufumba macho. Hapa ndipo ilipo siri ya mtu huyu: akiwa anatafuta kimya, husikia kimya, lakini akitafuta kosa, husikiliza kwa mwili mzima.

Jikoni Mama Pacha alikuwa anaosha kikombe cha mwisho. "Baba Pacha," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "gari litafika sasa hivi. Naondoka. Ukisema nibaki, nitabaki."

Bwana Sifuri alifumbua macho. Chozi lilitoka jicho la kulia, likafuatwa na la kushoto, na Muuguzi alimshika Mwalimu mkono kwa furaha.

"Huyu ni nani?" aliuliza Bwana Sifuri.

"Mkeo, mzee."

"Mmemsikia?"

"Tunamsikia kila siku."

"Hapana, mmemsikia?" Alivua hedifoni, akazitazama, akazivaa tena. "Kile kivuli kidogo mwishoni mwa neno. Ile 's' inapita bila kukwaruza. Miaka yote natafuta sauti ya mtu ya kupimia, natumia rekodi za waimbaji, kumbe!" Alisimama. "Mama Pacha! Mama Pacha, hebu rudia."

Mama Pacha alitokea mlangoni, taulo begani. Mtu angemtazama vizuri wakati ule angeona kwamba uso wake ulikuwa umepungua miaka kumi.

"Nirudie nini?"

"Hilo la mwisho. Au lolote. Rudi pale ulipokuwa, ila sogea kushoto kidogo, mbali na friji."

Alirudi kwenye sinki. Alisogea kushoto kidogo. "Naondoka," alisema. "Ukisema nibaki, nitabaki."

Bwana Sifuri aliinua kidole kimoja. Kwa mkono mwingine alikuwa anaandika: *sauti ya kike, wazi sana, pumzi inasikika, katikati hasa.* "Tena," alisema. "Usiongeze nguvu. Sema kama ulivyosema mwanzo."

"Mzee," alisema Fundi Bomba, "mjibu mkeo."

"Namjibu nini? Nampima."

"Baba Pacha," alisema Mama Pacha kwa mara ya tatu, "naondoka."

"Safi!" alisema Bwana Sifuri, machozi bado yanamtiririka. "Safi kabisa. Hapo hapo, usiguse kitu."

Nje gari lilipiga honi. Bwana Sifuri alikunja uso, akaomba mtu akamwambie dereva aache kelele. Mama Pacha alitundika taulo msumarini. Fundi Bomba alibeba mabegi, Mwalimu akabeba cherehani, na Muuguzi akamfuata Mama Pacha mpaka kwenye gari, akampa kasha lake la bandeji na hedifoni zake.

"Shemeji, chukua. Mimi nitajenga nyingine."

"Nitasikiliza nini?" aliuliza Mama Pacha.

Muuguzi aliliweka kasha mapajani mwa Mama Pacha na kufunga mlango wa gari. Walipunga mikono mpaka gari lilipokata kona. Waliporudi ndani kuchukua makasha yao walimkuta Bwana Sifuri ameketi, kidole bado kimeinuliwa, akisubiri jikoni paseme.

Jumanne iliyofuata aliweka tangazo jukwaani. "Ndugu zangu, tatizo la sauti katika Namba Saba limekwisha lenyewe. Nimepima siku tatu mfululizo. Tangu nianze kazi hii sijawahi kupata kimya kama hiki."

Hakuna aliyempongeza. Mwalimu wa Hesabu aliandika neno moja: "Tumesikia."

Kimya kilikuwa kikubwa kweli. Bwana Sifuri alizunguka nyumba nzima akikipima kwa mita. Kwenye kifua chake kulikuwa na mvumo wa chini, mzito, usiokoma, na kwa kuwa hakuwahi kuwa na huzuni ya aina hiyo aliudhania ni transfoma. Aliibadilisha. Mvumo ukabaki. Akazima umeme wote wa nyumba, na mvumo ukabaki. Akaandika daftarini: "Chanzo hakijulikani. Ni kidogo. Puuza."

Alhamisi taarifa zikaanza upya. Ya kwanza ilitoka tena kwa Mwalimu.

"Kuna mwanamume," aliandika. "Katikati, wazi. Anafungua droo. Anauliza kiberiti kiko wapi."

"Mimi pia," aliandika Muuguzi, aliyekuwa amemaliza kasha jipya. "Sasa anauliza chumvi. Ameangusha kitu cha bati."

"Sinki limeziba," aliandika Fundi Bomba, na safari hii hakuchukua spana.

Bwana Sifuri aliacha kutafuta kiberiti ili awajibu. Alikuwa na njaa na uchovu, na uvumilivu wake na wafuasi wake ulikuwa umefika mwisho. "Kagueni waya wa ethi," aliandika. "Ukisikia kitu, kosa ni lako." Kisha akarudi jikoni, akafungua droo zile zile.

Siku hiyo hiyo, saa kumi jioni, Mama Pacha alikuwa amekaa kwa dada yake, mguu kwenye cherehani, kola ya sare mkononi na hedifoni za Muuguzi kichwani. Dirisha lilikuwa wazi. Dada yake alikuwa anakata kitambaa mezani na kumsimulia habari za mteja mmoja asiyejua kiuno chake mwenyewe, na kila baada ya sentensi mbili alisubiri jibu, na alipewa.

Kwenye hedifoni Bwana Sifuri alisema, "Mama Pacha, kiberiti kiko wapi?" Halafu droo ikafunguliwa. "Mama Pacha. Nimekuuliza mara tatu." Halafu, baada ya muda, bila kumwambia mtu yeyote: "Nyumba imekuwa kubwa hii."

Ilisikika wazi, bila mkwaruzo, kila pumzi pahali pake. Kazi ilikuwa nzuri, na Mama Pacha aliikubali ndani ya moyo wake. Aliinua kidole kimoja mpaka alipomaliza mshono wa kola, akakata uzi kwa meno.

"Droo ya pili," alisema, "chini ya vijiko."

Lakini kwa dada yake hakuna waya uliopita ukutani, na maneno yalibaki mle chumbani.

Dada aliinua uso kutoka kwenye kitambaa. "Unaongea na nani?"

"Na Baba Pacha."

"Anasikia?"

"Hasikii," alisema Mama Pacha, akachukua kola nyingine.